Breki ya Tarehe Kumi na Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye pia ni Afisa wa Usalama Barabarani, Mkurugenzi wa chuo chetu cha udereva, Mwalimu wetu tunayekuaga leo, pamoja na Mama, mkeo, ambaye ndiye dereva halisi wa nyumba yenu, ndugu wageni waalikwa, walimu wenzangu, wahitimu wetu mliokuja na magari yenu na kuyaegesha vizuri, na wale wawili mlioyaegesha kwa namna niliyoiona nilipokuwa naingia, na ninyi wanafunzi wa darasa la jioni, ambao mtihani wenu ni Alhamisi na kwa hiyo mlipaswa kuwa nyumbani mkisoma alama za barabarani: habari za mchana.

Nimepewa dakika kumi na tano. Mkurugenzi aliponiita ofisini aliniambia, "Sema machache, sema ya heshima, na usiseme habari za mashindano." Nimetafakari maagizo hayo kwa siku nne, nikaona mawili ya kwanza nitayatimiza. Kwa hili la tatu naomba radhi mapema. Mtu aliyekaa chuoni hapa miaka thelathini na moja, akafundisha watu elfu tatu na zaidi kuendesha gari, akiwemo daktari wa meno wa mji huu na mke wa daktari huyo, ambao walipaswa kufundishwa siku tofauti ili ndoa ibaki salama, mtu huyo hawezi kuagwa bila kusimuliwa Jumamosi moja ya tarehe kumi na nne. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakuhakikishia kwamba yote nitakayosema yalitokea ndani ya uzio, geti limefungwa, na gari lilikuwa na bima.

Wageni wetu hawajui mambo ya ndani ya chuo, kwa hiyo nianze hapo. Kila gari la kufundishia lina breki mbili. Moja iko kwa mwanafunzi, kama gari lolote. Nyingine iko kwenye kiti cha pembeni, miguuni pa mwalimu, ili mwanafunzi akichanganya mambo mwalimu aokoe maisha ya wote wawili. Sasa, miaka mingi iliyopita Mwalimu alimwambia fundi wetu wa umeme afunge kengele ndogo kwenye hiyo breki ya pili. Ukiikanyaga, kengele inalia gari zima. Na kengele ikilia, mkirudi ofisini mwalimu anafungua kitabu kikubwa chenye jalada la kijani, kinachoitwa Daftari la Breki, anaandika tarehe, saa, mahali na sababu. Kisha anaweka sahihi, na mwanafunzi naye anaweka sahihi kwamba ni kweli. Nilipoanza kazi nilidhani daftari lile ni la kuwaaibisha wanafunzi. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa kwamba ni la kutupima sisi walimu.

Ndugu zangu, mnajua wenzangu wananiita nani hapa chuoni? Wananiita Kengele. Sikuchagua jina hilo. Mwaka jana Mwalimu alikanyaga breki ya pili mara kumi na tisa. Mimi, na takwimu hizi ziko kwenye jalada la kijani, nilikanyaga mara mia nne na kumi na mbili. Nilimkanyagia breki kijana aliyekuwa anarudi nyuma polepole kama maharusi. Nilimkanyagia breki bibi mmoja aliyekuwa amesimama. Mwanafunzi wangu wa kwanza kabisa aligonga tangi la maji la chuo, lile lenye kiraka mnaloliona hapo nje, na tangu siku hiyo mguu wangu wa kulia haukuwahi kupumzika.

Basi ilipojulikana kwamba Mwalimu anastaafu, na Mkurugenzi akasema kiti cha mwalimu mkuu atakirithi yule ambaye Mwalimu mwenyewe atamkubali, nilikwenda kumwona. Nilikuwa msaidizi wake miaka minne. Nilivaa blauzi yangu nzuri. Nikamwambia, "Mwalimu, nimekuja kuomba kiti." Akaniangalia kwa upole, akafunga kopo lake la chai, akasema, "Mwanangu, wewe unajua sheria kunishinda mimi. Lakini mguu wako unaota ndoto mbaya. Siwezi kuwaachia watoto wa watu mguu unaoota." Nikatoka na blauzi yangu.

Hapo ndipo anapoingia muuguzi wetu wa zahanati. Simama kidogo wakuone. Huyu alifundishwa na Mwalimu na akapita mtihani mara ya kwanza, jambo ambalo tumelisikia kutoka kwake mara nyingi. Alikuja ofisini na tangazo la mashindano ya magari ya kawaida. Sharti lilikuwa moja: gari liwe lile unalokwenda nalo kazini au sokoni, viti vyote viwe ndani, tairi la akiba liwe kwenye buti. Gari moja moja linazunguka kati ya koni likishindana na saa ya kupimia, mara tatu, na mzunguko wako bora ndio unaohesabiwa. Kila gari liwe na watu wawili, mmoja aendeshe, mwingine amtajie njia. Muuguzi akaliweka tangazo juu ya meza na kusema, "Mwalimu, nimekuletea, ingawa najua wewe kazi yako ni kukaa. Hata nyumbani Mama ndiye anayeendesha."

Ilikuwa kweli. Kwa miaka sita Mwalimu alikuwa hajagusa usukani. Alisema mtu anayeuza maandazi hali maandazi. Lakini nilimwona akilisoma lile tangazo mpaka chini, mpaka jina la mpiga chapa. Kisha akanigeukia.

"Kengele," akasema, "tutakwenda na Shangazi. Mimi naendesha. Wewe utakaa kwenye kiti changu, breki ya pili iko miguuni pako, hatuiondoi. Mizunguko mitatu. Kengele isipolia, kiti ni chako."

"Na ikilia?"

"Ikilia, tutamtafuta mtu mwingine."

Shangazi, kwa wageni wetu, ni gari letu namba mbili. Ni jeupe, lina umri wa miaka kumi na tisa, na tulilipa jina hilo kwa sababu linalalamika kila linapopandishwa kilima na bado linafika. Juu ya paa lina kile kibao chetu cha njano kilichoandikwa MWANAFUNZI. Tulipofika uwanjani asubuhi ile, saa mbili na nusu, tukapanga mstari pamoja na magari mengine kumi na matatu, hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kukivua. Kwa hiyo mzee wa miaka sitini na mbili alijitokeza kwenye mashindano ya mwendo kasi akiwa ametangazwa paani kwamba ni mwanafunzi. Watu walipiga makofi hata kabla hatujawasha gari.

Uwanja wenyewe mnaufahamu. Ni ule wa zamani wa kukagulia magari, ambapo mtihani wa udereva ulifanyika kabla ofisi hazijahama. Majengo yalishabomolewa. Kilichobaki ni lami, uzio, na katikati ya lami kibao kimoja cha SIMAMA kilichosimikwa kwenye zege, ambacho kiliwashinda wabomoaji. Kibao kile kimewafelisha watu wengi wa mji huu, wengine wako ukumbini na sitawatazama. Waandaaji waliweka koni zao ishirini na mbili kukizunguka, na njia ikapita mbele yake kabisa.

Je, mnahitaji niwaambie kilichotokea mzunguko wa kwanza?

Mwalimu alifunga mkanda. Akarekebisha kioo cha ndani, cha kushoto, cha kulia, wakati mpiga bendera amekwisha kuishusha bendera na mkono umemchoka. Akaondoka. Na ndugu zangu, aliondoka vizuri. Sijawahi kuona mikono ya namna ile. Shangazi hakulalamika hata kidogo, nadhani alishtuka. Mimi nilikuwa nataja njia, kushoto, kulia, kushoto tena, na Mwalimu katika kila koni anawasha indiketa. Koni ishirini na mbili, indiketa ishirini na mbili. Tukafika kwenye kibao cha SIMAMA tukiwa na mwendo ambao ungempa sifa kijana yeyote, na Mwalimu akasimama. Akasimama kabisa. Akaangalia kulia, kushoto, kulia tena. Akaingiza gia ya kwanza, tukaendelea.

Dakika moja na sekunde arobaini na moja. Mkaguzi wa mashindano, kijana mpole mwenye filimbi, alikuja dirishani.

"Mzee, mbona umesimama pale katikati?"

"Kuna kibao."

"Kibao kile ni cha zamani, mzee. Hakitumiki."

"Kimeandikwa hivyo?"

Kijana akatazama nyuma akakisoma upya, na akakubali kwamba hakikuandikwa hivyo.

Muuguzi alikuwa amepata dakika moja na sekunde ishirini na tisa. Alipita karibu yetu na chupa ya maji, akainama dirishani. "Mwalimu, ulinifundisha kusimama pale. Hukunifundisha kulala." Na Mama, kutoka kwenye uzio, ambako alikuwa amesimama na mwavuli wake, akapaza sauti uwanja mzima ukasikia: "Kumbe unajua kuendesha hivyo, na mimi miaka sita ndiye nakupeleka kinyozi?"

Na mimi je? Mimi breki sikugusa. Lakini msinipongeze haraka. Mwanzoni nilikunja miguu juu ya kiti kama mtu anayekula mkekani. Mkaguzi akasema miguu chini. Nikaweka mkoba wangu juu ya breki. Mwalimu akautoa, akautupa kiti cha nyuma, akasema, "Simtafuti mkoba wa kumwachia kiti." Basi nikabana visigino kwenye kiti na kusoma jedwali la saba kimoyomoyo, katikati ya kushoto na kulia. Kwenye koni ya tisa, saba mara tisa, tulipita karibu na uzio kiasi kwamba niliona vifungo vya shati la mtu. Mguu ulinyanyuka. Ukarudi. Kengele haikulia.

Mzunguko wa pili tulipata dakika moja na sekunde thelathini na sita. Indiketa zilipungua, alikuwa anawasha kwenye kona kubwa tu. Kwenye kibao alisimama tena, ila aliangalia kulia na kushoto bila kurudia kulia, na kwa Mwalimu hilo lilikuwa sawa na ulevi. Na mimi katika mzunguko ule niligundua jambo la ajabu. Tulipofika koni ya tisa nilikuwa nimesahau jedwali la saba. Nilikuwa natazama barabara, na mikono yake, na mbele, na mguu wangu ulikuwa umetulia sakafuni kama viatu vilivyoachwa mlangoni.

Kisha mzunguko wa tatu.

Tulipokuwa tunasubiri zamu, Mwalimu alifungua kifungo cha juu cha shati. Watu wa chuo mnajua uzito wa jambo hilo. Akasema, bila kunitazama, "Mwanangu, leo sisimami."

"Husimami wapi, Mwalimu?"

"Pale."

Sikuamini. Bendera ikashuka, na safari hii hakugusa kioo hata kimoja. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba uzibe masikio kwa nusu dakika. Alipita koni ya kwanza na tairi zikapiga kelele. Alikuwa anacheka. Si kicheko cha mtu mzima, alikuwa anacheka kama mtoto aliyepewa bembea peke yake. Na mimi nikaanza kucheka, nikawa nataja njia huku nacheka, "kushoto, ah, kushoto Mwalimu, kulia," na Shangazi naye akaunguruma kwa sauti ambayo hakuwahi kuitoa kwa mwanafunzi yeyote. Kwenye koni ya kumi na moja, nusu ya njia, nilitupa jicho kwenye saa iliyokuwa mapajani. Tulikuwa mbele ya muuguzi kwa sekunde tatu. Tatu. Tulikuwa tunashinda, wenzangu. Kikombe kilikuwa juu ya meza nakiona, kiti kilikuwa changu, kengele kimya, na mbele yetu kibao cha SIMAMA kinakuja, chekundu, na Mwalimu haondoi mguu kwenye mafuta.

Nikakanyaga breki.

Kengele ililia. Ililia kama ya shule. Mwalimu hakuwa amekanyaga klachi, kwa hiyo injini ilizima, na Shangazi akasimama palepale, pua yake kwenye mstari wa kusimamia, hakuupita hata kwa unene wa kidole. Sisi tulisimama. Kile kibao cha njano cha paani hakikusimama. Kiling'oka, kikateleza juu ya boneti, kikaanguka kwenye lami na kuendelea na safari peke yake, mstari kikauvuka, koni mbili kikazipita kwa ufundi mkubwa, MWANAFUNZI, mpaka kilipokwenda kulala karibu na miguu ya mkaguzi.

Nilisikia mwavuli wa Mama ukifungwa.

Mwalimu akanigeukia polepole. "Kwa nini umekanyaga?"

Nikajibu kitu pekee kilichokuwa kichwani. "Kibao, Mwalimu."

Alinitazama, akakitazama kibao, akanitazama tena. Kisha akaweka paji la uso kwenye usukani na mabega yakaanza kutikisika, nikadhani nimemliza mzee wa watu mbele ya mkewe. Alikuwa anacheka mpaka machozi. Na saa inakwenda. Alipopata pumzi alijifuta, akavuta breki ya mkono, akatoa gia, akawasha gari, akatazama vioo vyote vitatu, akaweka indiketa, akaangalia kulia, kushoto, kulia tena, na tukamaliza mzunguko ule kwa dakika moja na sekunde hamsini na nane. Mzunguko wetu bora ukabaki ule wa pili. Tulikuwa wa tano kati ya kumi na wanne. Kikombe alikichukua muuguzi, na nasikia kimewekwa kwenye dirisha la kutolea dawa, ambapo mgonjwa hawezi kukikwepa.

Tukarudi chuoni. Mwalimu alikuwa anaimba. Mimi nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu zangu: kengele imelia, tutamtafuta mtu mwingine. Nilikwenda moja kwa moja ofisini, nikachukua jalada la kijani, kwa sababu utaratibu ni utaratibu hata siku ya msiba. Nikaandika: Jumamosi, tarehe kumi na nne, saa tano na dakika ishirini, uwanja wa zamani wa ukaguzi. Kwenye sababu nikaandika, "Hakuna." Yalikuwa mashindano, kibao hakitumiki, njia ilikuwa tupu. Ningeandika nini kingine?

Mwalimu akaja akasimama nyuma yangu na kopo lake la chai.

"Ulipokanyaga ulikuwa unaogopa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Ulikuwa unawaza nini?"

"Nilikuwa nawaza tunashinda."

"Na mguu?"

Nikafikiri. Nikamwambia ukweli. "Mguu ulikuwa kazini."

"Haya," akasema. Akavuta kiti. Akachukua kalamu yangu, akakata neno langu kwa mstari mmoja, na tangu daftari lile lianze halijawahi kukatwa neno. Naomba niwasomee alichoandika, nimekuja nalo. "Sababu: mwanafunzi alipita kiasi akakusudia kutosimama kwenye kibao." Halafu akaniambia, weka sahihi yako pale. Nikaweka, mahali pa mwalimu. Mahali pa mwanafunzi palikuwa patupu, na nilipokuwa bado nimeinama natafuta kitambaa cha kujifutia uso, akageuza daftari upande wake, akaweka sahihi yake pale, kubwa, ile yenye mkia mnayoijua kwenye vyeti vyenu. Mwanafunzi. Akalifunga, akanywa chai yake, akasema, "Jumatatu njoo mapema, nikuonyeshe funguo za kabati."

Hiyo ndiyo sababu nimesimama hapa leo nikiitwa mwalimu mkuu, Mheshimiwa, na hiyo ndiyo sababu sikuweza kutii agizo la tatu la Mkurugenzi wangu. Tangu siku ile ni miezi mitatu. Kengele yangu imelia mara saba, na zote zina sababu, moja ikiwa mbuzi.

Mwalimu, zawadi yako iko nje. Walimu wenzangu walichanga, fundi akaifunga vizuri, na unaweza kuiona kupitia dirisha hili: ni kile kibao cha njano, tumekikwangua tukakipaka rangi upya, na tumekifunga juu ya gari la nyumbani kwako kwa bolti nne, kwa ruhusa ya Mama. Mama amesema leo haendeshi. Amesema atakaa nyuma na mwavuli wake, na atakayekupeleka kinyozi kuanzia sasa ni wewe mwenyewe. Kwa safari ya kwanza nitakaa pembeni yako. Gari lile halina breki ya pili, nimekagua. Kati ya hapa na nyumbani kwako kuna kibao kimoja cha SIMAMA, kwenye kona ya duka la dawa, na Mheshimiwa Mgeni Rasmi akipenda kwenda kusimama pale na kutazama, anayo ruhusa kamili ya sheria.

Kwa niaba ya walimu, wanafunzi na Shangazi, tunakushukuru, Mwalimu. Nawashukuru nyote mlioacha kazi zenu mkaja kumuaga. Nami binafsi nawashukuru kwa kuwa nimeongea dakika ishirini na mbili badala ya kumi na tano, na hakuna hata mmoja wenu aliyenikanyagia breki.